Pua ya mwenyeji na sikio la korona: kuzoea kunavyofanyika ndani ya neva

Mgeni akifika kwa mara ya kwanza kwenye kambi ya mkonge mkoani Tanga, hasa upepo ukiwa unavuma kutoka upande wa korona, hana haja ya kuonyeshwa kiwanda kilipo. "Harufu gani hii, shangazi?" anauliza kabla hata hajatua begi. Shangazi mtu, aliyeishi hapo tangu aolewe, anamtazama kwa mshangao wa kweli: "Harufu ipi tena, mwanangu?"

Hamfanyii mzaha. Korona ndiyo mashine inayochakata mkonge. Jani linaingizwa, vyuma butu vinavyozunguka vinaponda nyama yake, maji mengi yanaosha, na upande wa pili zinatoka singa. Katika kila kilo 100 za majani, singa kavu ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji na mabaki mabichi yanayochacha juani. Mmea wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kwa hiyo vipo vizazi vya watu waliozaliwa, wakaoa na wakazikwa ndani ya harufu hiyo bila kuinusa sawasawa.

Kambini watasema pua imekufa. Haijafa hata kidogo. Mpeleke shangazi huyo huyo kwa wauza samaki, atamrudisha changu aliyelala tangu jana kabla hujamgusa. Kilichopotea ni harufu moja tu, ile isiyobadilika. Na hapo ndipo jambo linapokuwa gumu kidogo, kwa sababu kupotea huko hakufanyiki mahali pamoja. Kunaanzia kwenye kipokezi chenyewe, yaani sehemu ya seli inayopokea harufu, mwanga au mguso, kunaendelea kwenye maungio ya seli za neva, na kunamalizikia ubongoni. Pembeni kuna jambo jingine linalofanana sana na kuzoea lakini si kuzoea, nalo ni kuharibika. Wanaochanganya haya mawili wanapoteza masikio yao huku wakiamini wameshayazoea makelele.

Tuanze na pua. Juu kabisa ndani yake kuna utando mdogo wenye seli za kunusa, na kila seli ina kipokezi cha aina yake. Binadamu ana takriban aina 400 zinazofanya kazi. Familia ya vipokezi hivyo iligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Chembe za harufu zikigusa kipokezi, milango midogo sana kwenye ukuta wa seli hufunguka, kalsiamu inaingia, na seli inapeleka umeme ubongoni. Lakini kalsiamu hiyo hiyo, ikishaingia, inaigeukia milango iliyoipitisha na kuifanya iwe migumu kufunguka tena. Yaani seli inajipunguzia sauti yenyewe. Hayo ni mambo ya sekunde chache, na ukitoka nje ukavuta hewa safi kwa muda mfupi, seli inarudi kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo kalsiamu peke yake haitoshi kumweleza shangazi. Yeye anaweza kwenda Korogwe harusini, akalala huko, akarudi, na bado asinuse kitu. Mwaka 1996 Pamela Dalton na Charles Wysocki wa Marekani walichapisha jaribio ambalo watu waliishi na harufu moja nyumbani mwao kwa wiki mbili. Uwezo wao wa kuinusa harufu hiyo ulishuka, na wiki mbili baada ya kuondolewa ulikuwa bado haujarudi ulipokuwa mwanzo. Harufu nyingine hazikuguswa. Basi juu ya ule uzoevu wa sekunde kuna mwingine wa wiki, na huo haumo kwenye kalsiamu ya dakika hii.

Wenyeji wa pwani wanaushuhudia ule wa muda mfupi kila penye shughuli. Mama mwenye nyumba Ngamiani ameweka makaa kwenye chetezo, akadondosha kipande cha udi, moshi ukapanda, chumba kikanukia. Baada ya nusu saa anaona udi umepungua nguvu, anaongeza. Anaona tena, anaongeza. Wageni wanaofika saa hiyo wanaingia wakikohoa na macho yanawatiririka, naye anauliza kwa upole kama harufu inawafikia. Manukato ya dukani yana mkasa huo huo, na ukipanda daladala asubuhi utamjua aliyejipulizia mara tatu kwa kuwa ile ya kwanza "haikunukia".

Macho yana kazi kubwa zaidi. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, kwenye mawe ya chokaa. Ukiingia mle mchana kutoka kwenye jua la Tanga, sekunde za kwanza huoni hata vidole vyako. Mboni inapanuka haraka, lakini msaada wake ni mdogo. Kazi halisi inafanyika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, ambako kuna seli za koni za mwanga mkali na rangi, na seli za fimbo za mwanga hafifu. Koni zinafika mwisho wa uwezo wao baada ya dakika kama 10. Fimbo zinaendelea kujijenga hadi nusu saa na zaidi, kwa sababu jua la nje limeivunja karibu rodopsini yao yote, kemikali inayonasa mwanga, na inabidi itengenezwe upya. Malighafi yake ni vitamini A, ndiyo maana mtoto anayekosa mboga kama kisamvu na matunda kama embe na papai anaweza kushindwa kuona jioni. Mwishowe jicho lililokaa gizani huwa na wepesi wa kuhisi mwanga makumi ya maelfu ya mara kuliko lilivyokuwa juani. Halafu mtu wa nyuma anakuwashia tochi ya simu usoni, na kazi yote inaanza upya.

Hapo uzoevu ni wa kurekebisha kipimo, na unakwenda pande zote mbili: gizani unaongeza, mwangani unapunguza. Lakini jicho lina siri ya ajabu zaidi kuliko hiyo. Mwaka 1804 Ignaz Troxler, daktari wa Uswisi, alieleza kwamba ukikazia macho nukta moja bila kuyapepesa, vitu vilivyo pembeni vinafifia na kutoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Uingereza na Marekani walikwenda mbele zaidi. Walitengeneza vifaa vilivyoifanya picha itembee sambamba na jicho, hivyo ikawa inaangukia sehemu ile ile ya retina muda wote. Ndani ya sekunde chache picha ilianza kufutika. Kitu kiko mbele ya jicho zima lisilo na ugonjwa, na halikioni! Sisi hatupatwi na hayo kwa sababu macho yetu hayatulii kamwe. Hata unapodhani umekazia, yanatikisika kidogo kidogo na kuifanyia upya retina habari yake. Na mishipa ya damu iliyopita mbele ya retina yako, ambayo kivuli chake kinaangukia pale pale tangu uzaliwe, hujawahi kuiona ukiwa kwenye shughuli zako, na huna habari kwamba huioni.

Hili ndilo jambo ninalotaka likae. Neva hazikuwekwa zitoe taarifa ya hali ilivyo. Zinatoa taarifa ya kilichobadilika.

Aliyelionyesha hilo kwa vipimo ni Edgar Adrian wa Cambridge. Mwaka 1926, akishirikiana na Yngve Zotterman kutoka Sweden, alinasa umeme wa neva moja moja ya chura huku msuli wake ukivutwa kwa uzito. Mapigo ya umeme yote yalikuwa na ukubwa ule ule. Kilichobadilika ni wingi wake kwa sekunde: mengi mvuto unapoanza, kisha yanapungua na kupungua ingawa uzito haujaguswa. Mwaka 1932 Adrian alishiriki Tuzo ya Nobel na Charles Sherrington.

Kwenye ngozi, mfano mzuri kuliko yote ni kipokezi cha Pacini. Kina urefu wa kama milimita moja, kinaonekana hata kwa macho, na ukikikata kati kimepangwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, ncha ya neva ikiwa katikati. Ukikibonyeza, kinatoa umeme mara moja kisha kinanyamaza. Ukiachia, kinatoa tena. Muda wote wa katikati, huku kidole kimekandamiza vile vile, kimya. Mwaka 1965 Werner Loewenstein na mwenzake walionyesha kwamba ukiyamenya matabaka yale, ncha ile ile inaendelea kuitikia mbonyezo kwa muda mrefu zaidi. Kumbe sehemu kubwa ya kuzoea ilikuwa kwenye maganda: yanateleza, yanaupunguza mgandamizo, na ncha haipati cha kusema. Ndiyo maana hulihisi fundo la kanga kiunoni mpaka linapolegea.

Si vipokezi vyote vina tabia hiyo. Vile vya maumivu vinashikilia sana. Jino bovu halizoeleki usiku kucha, na mara nyingi neva zinazozunguka jeraha huzidi kuwa nyepesi kuuma badala ya kutulia. Ukifikiri vizuri utaona hasara yake ingekuwa kubwa kiasi gani kama mguu uliokanyaga msumari ungeuzoea msumari.

Mpaka hapa tumezungumzia mlangoni tu. Lakini kuna kuzoea ambako kipokezi kinafanya kazi yake yote, umeme unasafiri kama kawaida, na bado mwili hauitikii. Mlio wa bodaboda usiku ni wa namna hiyo. Masikio yameupokea, mtu hakuamka.

Mwaka 1887 mume na mke wa Marekani, George na Elizabeth Peckham, walimpigia buibui uma wa muziki, chuma cha ncha mbili kinachotoa mlio, karibu na utando wake. Alijiangusha kwa uzi kama anayekimbia adui. Walirudia na kurudia mpaka akawa hashughuliki nao tena. Je, alichoka? Hilo ndilo swali lililowasumbua watafiti kwa miongo mingi, kwani kiumbe aliyechoka na kiumbe aliyezoea wanafanana kwa nje: wote wametulia.

Richard Thompson na Alden Spencer walilikata swali hilo mwaka 1966. Walifanya kazi na paka ambao uti wao wa mgongo ulikuwa umetenganishwa na ubongo, wakipima jinsi mguu unavyojikunyata ukiguswa kwa umeme mdogo. Ukirudia, mguu unapunguza kujikunyata, hata bila ubongo. Halafu ndipo walipogusa mahali pengine kwa nguvu zaidi, wakarudi kwenye mguso wa mwanzo, na mguu ukajikunyata tena kwa nguvu. Msuli uliochoka hauwezi kufanya hivyo. Kama uchovu ndio uliokuwa umeuzuia, mshtuko wa pembeni usingeuondoa. Katika tabia 9 walizoziorodhesha, nyingine inayofaa kukumbukwa ni kwamba kichocheo hafifu kinazoeleka upesi, na kikali sana huenda kisizoeleke kamwe.

Kwenye bustani za watoto wa Tanga kuna kifauwongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa. Ukiugusa mfululizo nao huacha kukunja, na wapo wanaoamini kwamba unazoea kwa maana hii hii ingawa hauna neva hata moja. Wengine wanasema umeishiwa nguvu tu. Ubishi bado ni mkali, nami nauacha hapo.

Kujua kwamba si uchovu ni jambo moja. Kujua ni nini kinachobadilika ni jingine. Eric Kandel, aliyezaliwa Vienna mwaka 1929 na kuhamia Marekani utotoni, aliamua kutafuta jibu kwa kiumbe ambaye wenzake walimwona hana maana: aplisia, konokono mkubwa wa baharini anayeonekana hana gamba. Aina aliyoitumia inatoka pwani ya California, lakini jamaa zake wanaishi pia Bahari ya Hindi, kwenye majani ya bahari na mawe. Sababu ya kumchagua ilikuwa hesabu. Aplisia ana seli za neva kama 20,000 tu, na baadhi ni kubwa kiasi cha kuonekana bila darubini. Binadamu ana mabilioni.

Aplisia ana mrija wa kutolea maji, na chini yake shavu la kupumulia. Ukigusa mrija, shavu linajivuta ndani. Gusa kama mara 10, na kila mara linazidi kupunguza kujivuta. Kandel na wenzake walifuata seli inayopokea mguso na seli inayoamuru msuli, wakapima kati yao. Seli ya mguso ilitoa umeme wake vizuri. Seli ya msuli ilikuwa tayari. Kilichopungua ni kemikali inayomwagwa kwenye sinapsi, ule mwanya mwembamba ambako seli moja inaikabidhi nyingine habari. Umeme ule ule, kemikali kidogo, mwitikio kidogo. Uzoevu huo unadumu dakika chache hadi saa moja hivi.

Wakamrudishia zoezi hilo siku nne mfululizo, na sasa ukadumu hadi wiki tatu. Hapo walikuta jambo jingine kabisa. Kwa wanyama ambao hawakuzoeshwa, kama asilimia 90 ya seli za mguso zilizopimwa zilikuwa na muungano unaofanya kazi na seli fulani ya msuli. Kwa waliozoeshwa, ilibaki asilimia 30. Kuzoea kwa muda mrefu kulikuwa kumebadilisha umbo la neva zenyewe. Kwa kazi yake juu ya kumbukumbu, Kandel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000 pamoja na Arvid Carlsson na Paul Greengard. Nami nadhani hapa ndipo penye uzito: kuzoea ni aina ya kumbukumbu, pengine ya zamani kuliko zote.

Aplisia si jibu la kila mnyama. Wale nzi wadogo wanaozunguka machungwa ya Muheza yaliyoiva kupita kiasi nao huzoea harufu, lakini kwa njia nyingine. Kwao seli zinazozuia ndizo zinazoongeza nguvu. Njia ya harufu iko wazi, ila breki imekazwa. Ubongo wa mamalia unaelekea kutumia njia zote mbili. Faida ya breki ni kwamba inaweza kuachiwa mara moja. Shangazi ukimwambia avute pumzi kwa makini, huenda akasema, "Ah, huo mkonge? Ndio, upo."

Mrusi Evgeny Sokolov alikuwa ameshaliona hilo kabla sinapsi hazijapimwa. Wazo lake ni kwamba ubongo hujijengea picha ya kile kinachotarajiwa, na kila kinachoingia hulinganishwa nayo. Kikilingana, kinapita kimya. Kisipolingana, mtu anageuza kichwa, moyo unabadili mwendo, ngozi ya viganja inatoa jasho kidogo. Ushahidi wake mzuri ni huu: ukimzoesha mtu sauti, kisha ukaifanya iwe hafifu au fupi zaidi, anashtuka. Kama tatizo lingekuwa neva zilizochoka, sauti hafifu ingepita bila kuonekana. Mkazi yeyote wa Tanga mwezi wa Februari analijua bila maabara. Feni inavuma usiku kucha na hakuna anayeisikia. Umeme ukikatika, nyumba nzima inaamka, na wala si joto lililowaamsha, kwani joto bado halijafika.

Mwaka 1978 Risto Näätänen wa Finland na wenzake walieleza wimbi la umeme linaloonekana kichwani sehemu ndogo ya sekunde baada ya sauti kutofautiana na zilizotangulia, hata mtu akiwa anasoma na hasikilizi. Usingizini nako ulinganishaji hauishi kabisa: ubongo wa aliyelala hulijibu jina lake mwenyewe kwa nguvu kuliko majina mengine. Na watoto wachanga, ambao hawawezi kuulizwa kitu, wamesaidia sana sayansi kwa sababu hii. Robert Fantz alionyesha mwaka 1964 kwamba kichanga akionyeshwa picha ile ile mara nyingi anaiangalia muda mfupi zaidi, ila akiletewa mpya anakodoa. Tangu hapo, kuchoshwa kwa kichanga kumekuwa njia ya kujua anachoweza kutofautisha.

Sasa mbu. Kwa nini feni inazoeleka na mbu mmoja hazoeleki, ilhali feni ina sauti kubwa zaidi? Mwaka 1970 Philip Groves na Thompson walipendekeza kwamba kila kichocheo kinaamsha mambo mawili yanayovutana: kushuka kwa mwitikio kwenye njia yake, na kupanda kwa wepesi wa mwili mzima. Kinachoonekana ni tofauti yao. Kwa aplisia, mshtuko mkali mkiani unamwaga serotonini, kemikali ya neva, na sinapsi zile zile zilizokuwa zimepungua zinaongeza kemikali. Mlio wa mbu unakaribia, unapotea, unarudi sikio jingine, na mwisho wake ni kuumwa. Hautabiriki na una maana. Kila mkupuo unakuta mwili umeamka zaidi ya ule uliopita. Muziki wa jirani una hali hiyo hiyo kwa asiyeupenda, hasa anapoubadilisha-badilisha.

Watu pia hawalingani. Tafiti nyingi za wenye kipandauso zimeonyesha kwamba, baina ya mashambulizi, ubongo wao unapungua kidogo mno mwitikio wake kwa mwanga au sauti inayojirudia, ingawa si tafiti zote zilizokubaliana. Kwa baadhi ya watoto wenye usonji pia kuzoea huenda polepole. Mtoto anayeziba masikio kwa sababu ya blenda huenda anaisikia kila sekunde kama ya kwanza, na kumwambia "utazoea" hakumsaidii.

Turudi kiwandani, maana bado tuna deni la sikio. Mfanyakazi aliyesimama kwenye korona miaka mingi atakwambia kelele hazimsumbui. Inawezekana kweli ubongo wake umezipuuza. Lakini sikio halina habari na uamuzi wa ubongo. Kila sikio la ndani lina seli za kusikia kama 15,000, zenye vinyweleo vinavyoyumbishwa na sauti, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kuku zake huota, sisi hatukujaliwa. Kanuni ya taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, na 100 ni robo saa. Kuzoea hakuongezi hata dakika moja kwenye hesabu hiyo. Na usingizini ni vivyo hivyo. Anayeishi kando ya barabara kuu huacha kuamka kwa malori, lakini moyo wake unaendelea kurukaruka kila yanapopita.

Namna ya kutenganisha aliyezoea na aliyeharibika si ngumu. Aliyezoea ukimwambia asikilize, anasikia kila kitu. Aliyeharibika anasikia sauti nzito lakini amepoteza nyembamba, kwani madhara ya kelele huanzia kwenye milio ya karibu hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde. Kwa hiyo anajua kwamba mjukuu anaongea, ila "s" na "f" zinampita, na anamlaumu mtoto kwa kunong'ona. Jioni masikio yanalia nziii, redio inaongezwa, asubuhi inaonekana iko juu mno. Hiyo tofauti ya jioni na asubuhi ni seli zilizozidiwa zikijaribu kurudi. Ikifika siku asubuhi nayo imekuwa kama jioni, hazirudi tena. Vizibo vya masikio vinafaa kabla ya hapo.

Pua nayo ina hatari yake. Karibu na Amboni kuna chemchemi za kiberiti za Galanos, ambazo harufu yake ya mayai viza humpokea mgeni na kumwacha taratibu akiwa amesimama pale pale. Hapo nje, penye upepo, hakuna neno. Lakini gesi yenye harufu hiyo, haidrojeni salfaidi, hujikusanya pia kwenye mashimo ya maji taka, na humo ikizidi hailetei pua mazoea tu bali inaipooza. Anayeteremka akasema harufu imeisha huenda ndiyo imefikia kiwango cha kuua.

Jikoni ni karibu zaidi. Gesi ya mtungi haina harufu. Kile kinachonuka ni kemikali ya jamii ya merkaptani iliyoongezwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Ukiinusa wakati unapika, kisha ikaonekana imepungua ingawa hukufunga kitu, usiiamini pua yako, kwa sababu imeshakaa ndani ya harufu hiyo. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatanda chini kwenye sakafu, kwa hiyo usiondoke ukiwa umemwacha mtoto amekaa hapo. Umwite jirani ambaye hajaingia asimame mlangoni anuse. Nyumba ikishapata hewa na harufu kuisha kwa pua ya jirani pia, paka povu la sabuni kwenye mpira na kichwa cha mtungi, ufungue kidogo, na uangalie linapotoa mapovu.